Gari Linazunguka Lakini Haliwaki: Tutafute Cheche Kabla ya Kununua Spea

Siku hizi magari madogo yamefika hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara ya lami. Mengi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, kama vile Toyota Corolla, Carina na Corona za miaka ya 1990. Watu binafsi wanayanunua, na vikundi vya wakulima pia. Mchana gari hubeba maziwa, nyanya na abiria wa mnadani. Usiku hubeba mgonjwa, au mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu.

Gari kama hilo likikataa kuwaka, kazi ya watu wengi inasimama. Tena hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Fundi anakuja, anafungua boneti, anatazama kidogo, halafu anasema, "Pampu ya petroli imekufa." Pampu inanunuliwa. Gari haliwaki. Anasema tena, "Basi ni kontroli boksi." Watu wanachanga mara ya pili. Gari bado haliwaki. Mwisho wa yote inaonekana kwamba ugonjwa ulikuwa ni waya mmoja uliotafunwa na panya.

Hatusemi kwamba mafundi wote wako hivyo. Wako mafundi hodari, na bila wao magari yetu yangelala. Tunalosema ni hili: spea isinunuliwe kabla ugonjwa haujapimwa. Daktari hachomi sindano kabla ya kumpima mgonjwa. Gari nalo lipimwe.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kupima gari ambalo injini yake inazunguka ukipiga stata, lakini haiwaki kwa sababu haina cheche. Si lazima uwe fundi. Mtu anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kusimama karibu na fundi, akauliza maswali ya maana, na akaelewa majibu.

INJINI INATAKA NINI ILI IWAKE?

Tufikirie jiko la kuni. Ili moto uwake, zinatakiwa kuni, hewa na kiberiti. Kikikosekana kimoja, hakuna moto.

Injini ya petroli ni vivyo hivyo. Petroli ni kuni zake. Hewa inaingia kwa kupitia chujio. Kiberiti chake ni cheche ya umeme inayoruka kwenye ncha ya plagi. Mafundi wengi huita cheche hiyo "moto". Ukisikia fundi anasema "gari hili halina moto", maana yake ni kwamba plagi hazitoi cheche.

Cheche hiyo inahitaji umeme wenye nguvu nyingi sana. Betri inatoa volti 12 tu. Plagi inahitaji maelfu ya volti, na mara nyingine hufika volti 20,000 au zaidi. Sasa je, volti 12 zinageukaje kuwa maelfu? Hiyo ndiyo kazi ya koili, kama tutakavyoona.

MAGARI YA ZAMANI NA MAGARI HAYA

Wazee wetu waliokuwa madereva wa Land Rover na Bedford wanakumbuka kabureta. Kabureta ilichanganya petroli na hewa. Wanakumbuka pia pointi zilizokuwa ndani ya distribyuta. Gari likikosa cheche, dereva alisugua pointi kwa msasa, akapiga stata, safari ikaendelea.

Magari tunayozungumza leo hayana kabureta. Petroli inasukumwa na pampu ya umeme, halafu inapulizwa ndani ya injini na nozeli. Utaratibu wa kupuliza petroli kwa kuongozwa na umeme si mpya. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutengeneza, na mwaka 1967 ukawekwa katika magari ya Volkswagen. Baadaye ukaenea duniani kote. Katika magari ya Toyota utaona herufi EFI zimeandikwa kwenye injini. Ni alama ya utaratibu huo.

Magari haya hayana pointi za kusugua. Mahali pa pointi pamewekwa sensa, na anayetoa amri ni kontroli boksi. Hicho ni kisanduku cha umeme ambacho ni kama ubongo wa gari.

CHECHE INATOKA WAPI?

Tufuate njia ya cheche kama mtu anavyofuata mfereji wa maji shambani. Maji yasipofika kwenye bustani, huanzi kwa kulaumu mto. Unafuata mfereji mpaka uone palipoziba.

Tutaeleza gari lenye distribyuta, kama Corolla nyingi za miaka ya 1990. Njia yake ni hii:

1. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, unafika kwenye koili.

2. Ukipiga stata, injini inazunguka na kuizungusha distribyuta. Ndani ya distribyuta mna sensa. Sensa hiyo inapeleka habari kwenye kontroli boksi kwamba injini inazunguka na imefika mahali fulani.

3. Kontroli boksi inatoa amri kwa ignaita. Ignaita ni swichi ya umeme isiyo na pointi.

4. Ignaita inakata umeme wa koili ghafla. Hapo koili inatoa umeme wa maelfu ya volti.

5. Umeme huo unafika kwenye rota, kijiti kinachozunguka ndani ya kofia ya distribyuta. Rota inaugawa kwa kila plagi kwa zamu, kwa kupitia nyaya nene za plagi.

6. Cheche inaruka kwenye plagi, petroli inashika moto.

Katika baadhi ya magari koili imo ndani ya distribyuta. Katika mengine iko nje. Njia ni ile ile.

UGONJWA MMOJA, DALILI MBILI

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa hiyo tusome polepole.

Ignaita ikishafanya kazi yake, inarudisha jibu kwa kontroli boksi, kama kusema, "Cheche nimeitoa." Katika magari ya Toyota ya aina hii, kontroli boksi isipopata jibu hilo, inazuia nozeli zisipulize petroli. Inafanya hivyo ili petroli isiyoungua isijae bure ndani ya injini na kwenye ekzosi.

Tena, ikiwa sensa ya distribyuta haipeleki habari, kontroli boksi haijui kama injini inazunguka. Kwa hiyo haitoi amri ya cheche wala ya petroli.

Basi mnaona matokeo yake. Gari lina ugonjwa wa cheche, lakini ukinusa plagi hakuna hata harufu ya petroli. Mtu anasema, "Pampu imekufa." Kumbe pampu ni nzima!

Jambo jingine: katika Toyota nyingi za namna hii, pampu hainguruwi ukiwasha swichi tu. Inaanza kufanya kazi wakati stata inapozunguka. Kwa hiyo mtu akisema, "Nimewasha swichi, sisikii pampu," huo si ushahidi.

Ndiyo maana tunasema cheche ipimwe kwanza.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Kama kuna mgonjwa anayesubiri, msimfanye asubiri gari litengenezwe. Tafuteni kwanza chombo kingine cha kumpeleka. Kisha pimeni gari kwa utulivu.

Gari lipimwe mahali pa wazi. Mtu asivute sigara karibu, wala msitumie kibatari kumulika. Petroli haina masihara. Tumieni tochi.

Weka gia huru na uvute breki ya mkono. Watoto wakae mbali. Anayeinama kwenye injini asiwe na kanga inayoning'inia, wala tai, wala nywele ndefu zisizofungwa, kwa sababu feni na mikanda inaweza kumnasa.

Usishike waya wa plagi kwa mkono mtupu wakati stata inazunguka. Umeme wake unarusha mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye kazi hiyo kabisa.

Tena, usichomoe waya wa betri kabla ya kusoma namba za ugonjwa. Sababu yake tutaieleza mbele.

HATUA YA KWANZA: BETRI

Piga stata usikilize. Injini inazunguka kwa nguvu, au inajikokota? Ikijikokota, anza na betri.

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, hupima kama volti 12.6. Ikiwa chini ya volti 12, imeisha. Wakati wa kupiga stata volti hushuka. Zikishuka chini ya 10, betri ni dhaifu au nyaya zake hazikukaza. Mara nyingine betri dhaifu inaweza kuzungusha injini, lakini umeme unaobaki hautoshi kwa cheche na kontroli boksi.

Tazama pia vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, ni kutu. Safisha kwa maji ya moto, sugua, kausha, kaza. Usiguse unga huo halafu ukajipangusa macho, kwa maana una tindikali.

HATUA YA PILI: TAA YA INJINI

Washa swichi lakini usipige stata. Mbele ya dereva kuna taa ndogo yenye picha ya injini. Taa hiyo lazima iwake.

Kama haiwaki, huenda kontroli boksi haipati umeme. Hiyo haina maana kwamba imekufa. Mtu asiyepewa chakula hawezi kulima. Tafuta fyuzi iliyoandikwa EFI na ile iliyoandikwa IGN. Soma maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Fyuzi iliyoungua, uzi wake wa ndani umekatika. Weka nyingine yenye namba ile ile. Ikiwa ya zamani ni 15, weka 15. Usiweke 30, wala usifunge waya mahali pa fyuzi. Magari yameungua kwa sababu ya jambo hilo dogo.

Angalia na rilei ya EFI, na nyaya zinazofungwa kwenye bodi na injini. Hizo ndizo nyaya za ethi. Zikilegea au kushika kutu, umeme hauna njia ya kurudi.

Ulizeni pia kama mwenye gari wa zamani aliweka alamu au swichi ya siri ya kuzuia wezi. Swichi hizo hukata njia ya umeme, na zikiharibika gari halina cheche. Watu wamefungua injini nzima, kumbe ni swichi ya siri.

HATUA YA TATU: KUTAZAMA CHECHE

Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine kwenye injini.

Kwanza chomoa soketi za nozeli, ili petroli isipulizwe wakati mnapima. Kisha chomoa waya mmoja wa plagi. Shika kofia yake ya mpira, usivute waya wenyewe. Chukua plagi nzima ya akiba, ichomeke kwenye waya huo. Laza plagi juu ya injini ili chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na njia za petroli. Ishikilie kwa koleo yenye mpini wa mpira. Plagi lazima iguse chuma sawasawa. Isipogusa, umeme utatafuta njia nyingine, na unaweza kuunguza ignaita.

Sasa mwenzako apige stata kwa sekunde 2 hivi. Tazama ncha ya plagi mahali penye kivuli.

Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, njia ya cheche ni nzima. Rudisha soketi za nozeli, mtafute ugonjwa upande wa petroli au hewa.

Ukiona cheche nyekundu, nyembamba, inayokatikakatika, ina udhaifu. Angalia betri, koili, kofia na nyaya.

Usipoona cheche, jaribu na nyaya nyingine. Ikiwa waya mmoja tu hauna cheche, ugonjwa ni wa waya huo au mahali pake kwenye kofia. Kwa Toyota hizi, waya wa plagi ukipimwa kwa mita usizidi ohm 25,000. Ikiwa nyaya zote hazina cheche, ugonjwa uko nyuma, kabla ya mahali pa kugawia umeme. Endelea na hatua ya nne.

HATUA YA NNE: KUFUNGUA DISTRIBYUTA

Zima swichi. Fungua kofia ya distribyuta, utazame ndani.

Mna maji au unyevu? Jambo hili hutokea sana baada ya kuvuka mto au kuosha injini. Futa kwa kitambaa kikavu, acha ikauke vizuri.

Kofia ina ufa? Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuupotosha umeme. Kofia yenye ufa haifai. Tazama pia kile kijiti cheusi cha katikati kinachogusa rota. Kikivunjika au kuisha, umeme unavuka kwa shida.

Sasa mwenzako apige stata kidogo, nawe tazama rota bila kuigusa. Je, inazunguka? Kama injini inazunguka lakini rota imesimama, basi mkanda wa taiming umekatika, au kuna kitu kimevunjika ndani. Hapo acheni kupiga stata. Hiyo ni kazi ya fundi.

HATUA YA TANO: UMEME WA KOILI

Chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Fundi anaiita taa ya kupimia. Waya mmoja uguse chuma cha injini. Mwingine uguse mahali umeme unapoingia kwenye koili. Washa swichi. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, rudi nyuma: fyuzi, swichi ya ufunguo, nyaya zilizokatika.

Balbu hii isitumike kwenye nyaya nyembamba za sensa wala za kontroli boksi. Inaweza kuziharibu. Huko hutumika mita.

Tazameni nyaya kwa makini. Gari lililolala karibu na ghala la mahindi hupendwa sana na panya. Katika barabara zetu za vumbi na mashimo, soketi hulegea kwa kutikisika. Chomoa soketi ya distribyuta, safisha, irudishe mpaka isikike "tak". Mara nyingine dawa ya ugonjwa ni hiyo tu, tena haina gharama.

HATUA YA SITA: GARI LENYEWE LINASEMA

Ndugu wasomaji, sasa tumefika mahali ambapo kusoma na kuhesabu kunaokoa fedha.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinaweza kusema ugonjwa wao kwa namba. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye neno DIAGNOSIS. Maana yake ni kupima ugonjwa. Fungua kifuniko chake. Kwa ndani ya kifuniko zimeandikwa herufi za kila tundu. Tafuta TE1 na E1. Soma vizuri, kwa sababu kuunganisha matundu mengine kunaweza kuleta hasara.

Fanya hivi: kwanza piga stata kwa sekunde chache, kisha acha swichi ikiwa imewashwa. Usiizime. Gia iwe huru, mguu usikanyage mafuta. Chukua kipande cha waya safi, uunganishe TE1 na E1. Sasa tazama ile taa ya injini. Itaanza kuwaka na kuzima.

Ikiwaka na kuzima mfululizo kwa haraka bila kupumzika, kontroli boksi haikuandika ugonjwa wowote.

Ikiwaka mara moja, ikapumzika kidogo, ikawaka mara mbili, hiyo ni namba 12. Maana yake: wakati wa kupiga stata, kontroli boksi haikupata habari kutoka kwenye sensa ya distribyuta. Chunguza soketi, nyaya, sensa yenyewe, na kama rota inazunguka.

Ikiwaka mara moja, ikapumzika, ikawaka mara nne, hiyo ni namba 14. Maana yake: kontroli boksi haikupata lile jibu la ignaita. Chunguza ignaita, koili, na nyaya zinazokwenda huko.

Iko pia namba 13. Hiyo inasema habari ya sensa ilikatika injini ilipokuwa inafanya kazi. Gari linalozimika ghafla njiani, kisha likawaka baada ya kupoa, linaweza kuonyesha namba hiyo.

Andikeni namba hizo katika daftari la gari, pamoja na tarehe.

Sasa mnaelewa kwa nini tulisema waya wa betri usichomolewe mapema. Namba hizi zimehifadhiwa kwa umeme wa betri. Ukichomoa betri, zinafutika. Ni kama kufuta nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika.

Namba inaonyesha mtaa, haionyeshi nyumba. Namba 12 haisemi "nunua distribyuta". Inasema habari haikufika. Pengine sensa imekufa, pengine waya umekatika. Fundi apime sensa kwa mita. Ikiwa nzima, inaonyesha ohm mia kadhaa, kwa kadiri ya kitabu cha gari hilo. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, sensa imekatika.

Magari ya kampuni nyingine yana utaratibu wao. Mengi ya miaka ya karibuni husomwa kwa mashine inayochomekwa chini ya usukani. Msitumie njia ya TE1 na E1 katika gari lisilo na herufi hizo.

KONTROLI BOKSI NI YA MWISHO

Kontroli boksi inaweza kufa, hasa ikiingiwa na maji, au betri ikifungwa kinyume. Lakini haifi mara nyingi kama sensa, ignaita, nyaya na soketi. Kwa hiyo ilaumiwe mwisho, baada ya kuhakikisha mambo mawili: umeme na ethi vinaifikia, na habari ya sensa inaifikia. Ikiwa vyote vinafika, nayo haitoi amri, hapo fundi ana haki ya kuishuku.

MAZUNGUMZO NA FUNDI

Tuseme mwenyekiti wa kikundi anazungumza na fundi kijana. Mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeonaje gari letu?"

"Mzee, hii gari kontroli boksi imekufa."

"Pole na kazi. Hebu nieleze, cheche umeipima?"

"Nimepima mzee, hamna kabisa."

"Vizuri. Na taa ya injini inawaka ukiwasha swichi?"

"Inawaka."

"Basi umeme unafika. Namba umezisoma?"

"Bado, mzee."

"Basi tuzisome pamoja, mwanangu. Mimi nitahesabu, wewe shika waya. Halafu tutazame soketi ya distribyuta. Tukishajua, fedha zipo na ufundi wako tutaulipa."

Mnaona? Mzee hakumgombeza fundi wala kumdharau. Ameuliza tu. Fundi mzuri hachukii maswali. Na akiondoa spea, mwombeni ile ya zamani ibaki kwenu. Pengine siku moja mtagundua kwamba ilikuwa nzima.

KWA KIFUPI

Injini inajikokota: angalia betri na vichwa vyake.

Taa ya injini haiwaki: angalia fyuzi, rilei na ethi.

Plagi moja haina cheche: angalia waya wake na kofia.

Plagi zote hazina cheche: angalia rota, kofia, umeme wa koili na swichi ya siri.

Namba 12: fuata njia ya sensa ya distribyuta.

Namba 14: fuata njia ya ignaita na koili.

Cheche ipo, nzuri: nenda upande wa petroli.

KINGA

Kaza na safisha vichwa vya betri kila mwezi. Usimwage maji juu ya distribyuta unapoosha injini. Usiegeshe gari karibu na ghala la nafaka. Badilisha mkanda wa taiming kwa kadiri ya kitabu. Weka ndani ya gari plagi moja nzima, fyuzi za akiba, kipande cha waya, balbu ya kupimia na tochi. Vitu hivi vinaingia katika mfuko mmoja mdogo, na bei yake ni ndogo kuliko ile pampu inayonunuliwa bure.

Fedha za gari la kikundi ni jasho la watu wengi. Ziko gunia za mahindi ndani yake, ziko na lita za maziwa. Mtu akisema, "Nunueni," tumjibu kwa upole, "Tupime kwanza."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini gari lisilo na cheche linaweza kukosa petroli pia?

2. Kwa nini waya wa betri usichomolewe kabla ya kusoma namba?

3. Taa imewaka mara moja, ikapumzika, ikawaka mara nne. Ni namba gani? Utachunguza nini?

4. Je, katika kijiji chenu nani anatunza daftari la gari? Kama hakuna, mtamchagua nani?

MAANA YA MANENO

Cheche: umeme unaoruka kama kimulimuli kwenye ncha ya plagi.

Koili: kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa maelfu ya volti.

Ignaita: swichi ya umeme inayokata na kuunganisha umeme wa koili.

Rota: kijiti kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa umeme.

Sensa: kifaa kinachopeleka habari kwenye kontroli boksi.

Ethi: njia ya umeme kurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari.